Ukurasa wa Nne wa Wanaume

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo nitakuwa najiandikia. Sababu ni moja, na afadhali niiweke hapa mwanzoni nisije nikajidanganya baadaye: naogopa kuugua akili.

Bibi mzaa mama aliugua. Mama mkubwa, dada yake mama, aliugua akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka mmoja tu baada ya kumaliza shule, na tangu hapo maisha yake ni nusu nyumbani, nusu wodini. Mimi nimemaliza shule mwaka jana. Mwezi wa nane natimiza kumi na tisa. Shangazi, dada yake baba, huwa anasema, "Ule ugonjwa wa kwa mama yako hauna habari na wanaume. Unachagua wanawake kama mtu anayechagua nyanya sokoni." Anasema hivyo huku ananitazama mimi.

Nina mdomo mzito tangu utotoni. Shuleni waliniita Bubu, na ulikuwa utani tu. Siku hizi nikinyamaza kidogo mama anasimamisha cherehani na kugeuka kunitazama.

Leo nimeanza kazi ya muda kwenye kliniki ya afya ya akili, chumba cha mafaili. Daktari wa pale, mwanamke, anatafiti sonona, ile huzuni inayomkalia mtu wiki nenda wiki rudi mpaka kuamka kunamshinda. Anataka kujua inarithiwa vipi, na kama wanawake na wanaume wanairithi sawasawa. Muuguzi anazunguka majumbani kuhoji watu wa familia sitini, mimi naingiza majibu kwenye kompyuta. Kila familia ina mchoro wake. Mwanamke ni duara, mwanaume ni mraba. Aliyeugua, umbo lake linajazwa wino.

Fomu ina kurasa nne. Ukurasa wa nne una maswali tisa: kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kuchoka bila kazi, kulia mara kwa mara, kutofurahia ulichokuwa unakipenda, kushindwa kufikiri sawasawa, kujiona mzigo, kujitenga na watu, na la tisa, kufikiria kujitoa uhai. Ndiyo tano au zaidi, wino.

Nimeyanakili. Nitajiuliza kila siku.

Leo: ndiyo moja (nimejitenga na watu, lakini mimi niko hivyo).

Jumanne, 4 Machi

Moja.

Alhamisi, 6 Machi

Msimamizi wa chumba cha mafaili wote wanamwita Mama Faili. Ana miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani, na huitafuta ile ya kichwani akiwa amevaa ya machoni.

Fomu nyingi za wanaume zina ukurasa wa nne mweupe. Hakuna alama hata moja. Kompyuta haikubali kuendelea mpaka uweke kitu. Nilikaa nayo nusu saa nzima kabla ya kupiga moyo konde na kumuuliza.

"Pengo ni hapana," alisema. "Weka sifuri, songa mbele. Mwanaume mzima angekuwa na shida angesema."

"Yote tisa sifuri?"

"Binti, ukianza kumhurumia kila mraba tutafika Desemba hatujamaliza."

Nimeweka sifuri. Kazi inakwenda haraka sana kwa wanaume.

Leo: moja.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Imepiga tangu alfajiri na simu ya baba imelia mara kumi na moja kabla ya chai. Baba ni fundi wa mapaa. Kiangazi chote watu hupita chini ya matundu yao wakiyatazama tu. Tone la kwanza likidondoka kitandani ndipo wanamkumbuka. Mwenzake, tunamwita Mshika Ngazi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake kubwa, alikuja kumchukua akiwa amejifunika gunia la plastiki.

"Karani!" aliniita. Baba ndiye aliyeanza kuniita hivyo tangu nipate kazi, na sasa wote wanaiga. "Waambie hospitali kwenu waandike: mvua inatibu ufukara."

Mimi na mama tulicheka. Baba hakucheka. Nadhani alikuwa anatafuta misumari.

Ijumaa, 14 Machi

Shangazi alikuja kunikagua. Hilo ndilo neno lake: "Nimekuja kumkagua mtoto." Alinishusha kope la chini kwa kidole gumba kama ananunua mbuzi.

"Unalala?"

"Nalala, shangazi."

"Unakula?"

"Nakula."

"Mbona sauti haitoki?"

Baba alisogeza sahani. Alikuwa amekula matonge mawili. Alisema ana bati linamngoja, akatoka, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Unaona," shangazi alimwambia mama, "kaka yangu anajiua na kazi kwa ajili yenu."

Leo: mbili. Nilishindwa kufikiri sawasawa, lakini ilikuwa mbele ya shangazi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Moja.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Moja. Baba anaamka kabla ya wote. Nasikia anafagia maji uani, na maji yenyewe yanarudi palepale.

Jumamosi, 22 Machi

Baba amevunja redio yake. Betri zilikuwa zimeisha, basi. Aliigonga mezani mara moja, halafu mara ya pili, halafu akaitupa ukutani. Ni redio ambayo anasikilizia mpira tangu sijazaliwa. Mama alisimama na mkasi mkononi. Baba alitutazama kama sisi ndio tuliotupa, akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji.

Mama akaniambia, "Kazi nyingi. Mwache." Kisha akaniuliza, "Wewe umeshtuka? Uko sawa? Kaa, nikupe maji."

Nilikuwa sawa. Nilikunywa maji ili aache kunitazama.

Alhamisi, 27 Machi

Leo Daktari alituita ofisini mwake. Amebandika ukutani michoro ya familia thelathini na mbili za kwanza. Nimezoea kuiona mmoja mmoja. Sijawahi kuiona yote pamoja. Maduara meusi, meusi, meusi, yakishuka kutoka bibi hadi mjukuu. Miraba karibu yote mitupu.

"Mnaona?" alisema. Alikuwa anaongea haraka kwa furaha. "Kwamba sonona hushika wanawake zaidi, hilo linajulikana. Kwamba mchango wa kurithi unaonekana mzito zaidi kwao, kuna wenzetu wamelisema. Lakini hivi? Hapa ni kama unapita kwa wanawake peke yao."

Mama Faili alisema Mungu aturehemu sisi wenye maduara, akavua miwani moja.

Mimi nilikuwa naangalia mchoro mmoja pembeni: bibi mweusi, binti mkubwa mweusi, binti mdogo mtupu, na chini ya binti mdogo duara dogo lisilojazwa. Haikuwa familia yetu. Ingeweza kuwa. Lile duara dogo lilikuwa kama linangoja wino.

Leo: nne. Sijala. Sitamwambia mama.

Ijumaa, 28 Machi

Nne.

Jumatatu, 31 Machi

Nne. Ikifika tano nitasema. Nimejiapia.

Jumanne, 1 Aprili

Nimegundua jambo.

Muuguzi wa majumbani alirudi na fomu mpya, viatu vimejaa matope. Alikaa kwenye kiti changu cha pili akivifuta kwa gazeti, na Mama Faili akamtania kwamba safari hii amemaliza upesi mno.

"Wanaume hawanichukulii muda," alisema muuguzi. "Ukurasa wa tatu, asante baba, kwaheri."

"Na wa nne?"

"Ah, mama! Umuulize mtu mzima na ndevu zake kama analia? Wa kwanza niliyemuuliza alikumbuka ghafla ana kazi nje. Wa pili akamwita mkewe aje ajibu yeye. Nikaona nawadhalilisha bure. Nauruka tu, ila kwa anayeanza kusema mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa na fomu ya mraba mkononi, na kidole changu kilikuwa kwenye sifuri.

Walipotoka kwenda kula nilifungua makabati. Fomu za wanaume mia na kumi na nne. Themanini na tisa, ukurasa wa nne mweupe. Hawakusema hapana. Hakuna aliyewauliza. Mimi ndiye niliyesema hapana kwa niaba yao, mara tisa kwa kila mtu, wanaume themanini na tisa.

Miraba ile haikuwa mitupu. Niliiacha mitupu mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefika mlango wa Daktari mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu. Mara ya tatu aliinua kichwa akasema, "Ndiyo?" nikasema, "Nilikuwa nauliza kama chai ipo."

Jioni Mshika Ngazi alipita nyumbani baba hayupo. Hakutaka kuingia. Alisimama kibarazani akikung'uta maji.

"Karani, wewe mzee anakusikiliza. Mwambie afunge kamba."

"Hafungi?"

"Wiki mbili hizi hafungi. Juu ya bati limelowa, anatembea kama yuko sebuleni. Nikimwambia ananiambia wewe shika ngazi." Akacheka kidogo, akaacha. "Halafu tazama." Alitoa nyundo kwenye mfuko. Ni ile ya mpini mwekundu. Hata mimi nilikatazwa kuigusa nilipokuwa mdogo. "Amenipa. Nikamuuliza, mzee, na wewe? Akasema hataihitaji sana. Nikadhani anastaafu, nikamtania. Akapanda ngazi."

Aliondoka. Nilibaki pale kibarazani na maswali yangu tisa kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu Machi sikuyauliza kwangu.

Anaamka kabla ya wote. Matonge mawili. Redio. Nyuma ya tangi la maji.

Nimerudi nyuma kusoma daftari hili. Nimejichunguza mwezi mzima, mistari na mistari. Yeye yumo kwenye pembe za kurasa, na ana nyingi kuliko mimi.

Leo: sijahesabu zangu.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikwenda kwa shangazi baada ya kazi. Sijawahi kwenda kwake peke yangu. Alidhani nimeugua, akanivuta ndani kwa mkono.

Nilimwambia kazini wametuomba tuchore koo zetu. Ni uongo. Nilitandaza karatasi nikaanza upande wao: mraba wa babu, chini yake duara lake shangazi, mraba wa baba, na mraba wa baba mdogo ambaye sikumkuta.

"Babu alikufa na nini?"

"Uzee."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Akafikiri. "Arobaini na kitu."

Nilinyamaza. Kunyamaza ninakuweza. Shangazi hawezi, ukimya ukizidi lazima aujaze.

"Alichoka tu," alisema. "Alikaa nyuma ya nyumba mwaka mzima. Haongei, halimi, hagombani. Mama akawa anampelekea chakula kilekile, anakirudisha kilekile. Siku moja akaondoka. Tukaambiwa amesafiri."

"Na baba mdogo?"

"Huyo aliteleza. Si unajua walikuwa mafundi wote wawili, yeye na baba yako. Alianguka kutoka juu ya paa."

"Kulikuwa na mvua?"

Alichukua karatasi yangu akaigeuza juu chini kama inayosomeka vizuri zaidi hivyo.

"Kilikuwa kiangazi," alisema. "Paa lilikuwa kavu."

Nadhani hajawahi kuisema ile sentensi kwa sauti. Uso ulimbadilika, kisha akanirushia karatasi yangu.

"Unataka kusema nini, we mtoto? Wanaume wetu hawana ugonjwa! Ugonjwa uko kwa mama yako, kila mtu anajua. Wa kwetu walikuwa na mambo yao tu."

"Sijasema kitu, shangazi."

"Basi usiseme."

Nilitembea hadi nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli. Niliusahau mkononi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesema.

Niliingia bila kubisha, maana nikibisha nageuka. Nikasema yote kwa pumzi moja nikiwa natazama mguu wa meza: mapengo si hapana, hawakuulizwa, muuguzi anauruka ukurasa wa nne, Mama Faili aliniambia niweke sifuri, nimeweka sifuri themanini na tisa.

Daktari alivuta droo, akatoa fomu, akafungua ukurasa wa nne. Mweupe. Nyingine. Mweupe. Akainuka akaenda kusimama mbele ya ukuta wake.

"Nimeandika nusu ya ripoti," alisema, nadhani akiiambia michoro. Kisha akaita, "Mama Faili!"

Sitaandika yote yaliyofuata. Mama Faili alisema amefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Alisema pengo limekuwa hapana tangu enzi za karatasi. Alinitazama kana kwamba nimemvua nguo njiani. Muuguzi alilia, akasema yeye aliwahurumia tu, na nilimwamini.

Walipotoka Daktari aliniambia nikae. Nilimuuliza kama basi si kweli kwamba inapita kwa wanawake.

"Kwamba wanawake wanaugua zaidi, hilo lina ushahidi mwingi, na huenda wanabeba mzigo mkubwa zaidi wa kurithi. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huo ni ya wote. Mtoto wa kike anarithi kwa mama na kwa baba, na wa kiume vilevile. Sasa humu ndani," akagonga makabati, "sijui ni kipi kinatokana na damu na kipi kinatokana na sisi. Hata maswali yenyewe. Tunauliza kulia. Hasira hatuulizi. Kujitosa kwenye hatari hatuulizi. Wanaume wanaougua ni wachache kuliko wanawake, pengine, lakini wanaokufa kwa kujiua ni wengi zaidi. Hilo peke yake lingetosha kunishtua nilipoona miraba mitupu. Nilikuwa nimefurahi mno."

Nikauliza, bado natazama mguu wa meza:

"Ukimuuliza mtu lile swali la tisa, si utamtia wazo?"

"Hapana. Ingekuwa hivyo tungekuwa tunaua watu kwa fomu. Unamuuliza waziwazi, kwa jina lake, bila kuzunguka. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Unamleta." Akanitazama vizuri. "Ni nani?"

Nikasema, "Ni swali tu."

Kwa nini nilisema hivyo? Nilikuwa nimetumia sauti yote ya siku ile, naona. Haikubaki ya baba.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua haijakatika tangu jana. Nimejaribu kumkuta baba peke yake. Asubuhi alikuwa ameshatoka. Jioni aliingia, akalala na viatu. Kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika kwa sababu nikiacha nitasahau mpangilio wake.

Asubuhi mke wa Mshika Ngazi alipiga simu: mumewe ana homa, hawezi kuinuka. Baba akasema ataenda mwenyewe, ni paa la ghala moja tu, mabati mawili. Akabeba ngazi begani. Mama alimwambia angoje mvua ipungue, akasema, "Nikingoja mvua nitafanya kazi lini?" Alipofika mlangoni akarudi, akamshika mama bega kidogo, akatoka. Baba si mtu wa kushika watu mabega.

Mama alinigeukia akaanza kuniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema, "Mama, naenda kumshikia ngazi," nikakimbia. Nilivaa malapa, moja lilikatika njiani, nikaliacha.

Ghala ni refu kama nyumba ya ghorofa mbili. Nilipofika alikuwa ameshapanda. Ngazi imeegemezwa peke yake, mfuko wa vifaa uko chini na kamba imo ndani, imekunjwa vizuri. Mlinzi alikuwa amejikunyata kibandani. Baba alikuwa amesimama ukingoni kabisa mwa paa. Hakuwa na nyundo wala bati. Alikuwa anatazama chini, upande usio na ngazi.

"Baba!"

Mvua juu ya mabati ilikuwa kelele tupu. Hakusikia. Mimi, ambaye mwalimu alikuwa ananiambia "rudia" kila nikijibu, nilishika ngazi kwa mikono miwili nikapiga kelele mpaka koo likauma.

"Baba! Ni mimi!"

Akageuka. "Karani? Unafanya nini hapa? Rudi nyumbani, utalowa!"

"Nina swali!"

"Swali gani sasa?"

Nikalisema. Nililisema kama lilivyo, kwa sababu najua kila neno lake, nimelipigia sifuri mara themanini na tisa.

"Baba, unafikiria kujitoa uhai?"

Mlinzi alitoka kibandani. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama. Ningetaka ardhi inimeze, lakini sikuweza kuachia ngazi.

Baba akachuchumaa, taratibu, akashika bati kwa viganja.

"Nani amekwambia uulize hivyo?"

"Kazini! Liko kwenye fomu! Ni la tisa!"

"Na hayo mengine?"

Hapo nikaelewa kwamba anataka niyasome. Nikayasoma kwa kichwa, nikipiga kelele, moja baada ya jingine, na yeye akajibu. Usingizi: sina. Chakula: kama mchanga. Kuchoka: ndiyo. Kulia: hapana, mwanangu, hilo halitoki. Kufurahia: hakuna. Kufikiri: nahesabu misumari mara tatu. Mzigo: ndiyo. La nane hakulijibu, akaonyesha tu paa kwa mkono, ghala lote, na mvua.

"La tisa, baba."

"Kila siku," alisema. Hakupiga kelele, lakini nilisikia. "Tangu kabla ya mvua. Leo nilikuwa nimefika."

"Shuka."

"Siwezi. Miguu imekufa ganzi."

Mlinzi akaja kushika ngazi bila kuambiwa. Nikatoa kamba mfukoni, nikaitia begani, nikapanda. Sijawahi kupanda ngazi ya baba. Sikutazama chini. Nilipofika juu uso wake ulikuwa karibu na wangu, umelowa, na nikaona ni mtu anayeogopa. Mikono yake ilitetemeka mno asiweze kufunga fundo. Aliniambia nipitishe wapi, nirudishe wapi, nivute. Sauti yake ilikuwa ya fundi anayefundisha kazi. "Si hivyo, chini yake. Haya. Kaza. Kaza zaidi, hiyo haishiki hata mbuzi."

Tulishuka, mimi nikitangulia, ngazi moja moja. Chini alikaa kwenye matope. Mlinzi alimfunika koti lake, akasema tu, "Pole, mzee wangu," akatazama kando.

Jumapili, 13 Aprili

Hatukumwacha peke yake hata dakika. Mama amekaa naye kitandani tangu jana. Mchana alinijia jikoni akafunga mlango.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," alisema. "Kila siku nahesabu matonge yako. Yeye alikuwa anakula mawili mbele yangu, na mimi nahesabu yako."

Shangazi alikuja. Tulimwambia. Nilimngoja aseme lile neno lake la kwa mama yangu. Alisimama mlangoni mwa chumba, akamtazama kaka yake muda mrefu, kisha akavua viatu akaingia, akakaa sakafuni karibu na kitanda. Nilimsikia anaanza, "Unakumbuka baba alivyokuwa…" Nikafunga mlango.

Jumanne, 15 Aprili

Jana baba hakukubali. Leo amekubali. Tulikwenda kliniki wanne: yeye, mama, shangazi na mimi, na wote pale wananijua. Muuguzi wa mapokezi alichukua faili jipya, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kuandika jina langu.

"Pole, mdogo wangu. Imeanza lini?"

Nilifungua mdomo. Shangazi akawahi: "Si yeye."

"Ni mama?"

"Ni mimi," alisema baba. Ilimchukua muda kuitoa, na akaitoa akiwa anatazama ukuta.

Daktari alikaa naye saa nzima. Ameanzishiwa dawa, arudi kila wiki, na asipande paa hata moja hadi atakapoambiwa. Hilo la paa ndilo lililomuuma zaidi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama Faili haniongeleshi ila kwa vikaratasi. Leo kimoja kimesema: "Fomu 89 zote nimezitoa. Zinarudi nje. Swali la hasira limeongezwa. Usiweke sifuri." Chini ameandika: "Mzee hajambo?"

Jumanne, 29 Aprili

Daktari ananitaka niende na muuguzi majumbani kuwauliza wale wanaume upya. Nilimwambia mimi siwezi kuongea na watu. Akasema, "Nimesikia habari za ghala." Kumbe mlinzi ni shemeji wa Mama Faili.

Nilimuuliza kuhusu mimi, sasa kwa kuwa duara langu lina wino pande zote mbili juu yake. Hakunidanganya. Alisema ndiyo, hatari yangu ni kubwa kuliko ya mtu asiye na wagonjwa hao kwao, na kwamba wengi wenye ukoo kama wangu hawaugui. Alisema nije nimwone yeye, nisijipime kwa daftari.

Ijumaa, 2 Mei

Wanaume wanne leo. Wawili walijibu. Mmoja alikumbuka ana kazi nje, tukamngoja, akarudi.

Jumatano, 7 Mei

Baba ni mgumu. Anakaa, anainuka, anamkaripia Mshika Ngazi kwenye simu kwa kazi ambayo hawezi kuiona. Dawa inamkausha kinywa. Juzi aliniambia haoni tofauti yoyote na nikatoka nje nikalia. Mama anamuuliza asubuhi na jioni, shangazi anamuuliza kwa simu, mimi namuuliza nikienda kazini na nikirudi. Jana alisema tumemgeuza fomu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua, leo manyunyu tu. Nilikuwa nafunga begi la kazi. Mama alikuwa sokoni. Nilikuwa nimechelewa na kwa mara ya kwanza sikupita kwake kumuuliza.

Nikasikia hatua zake ukumbini, zikasimama. Alikuwa mlangoni kwangu amevaa shati la kutokea, vifungo havikulingana.

"Karani," alisema. "Leo ni mbaya."

Niliweka begi chini, nikamfunga vifungo vyake upya, nikavaa viatu.